Kumwomba Nalepo Msamaha

Jumapili, 3 Juni 1956
Leo nimetimiza miaka sabini na moja. Baada ya ibada nilibaki nyuma, nikamwambia mchungaji Philemoni jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka 1924, nilipotaka kubatizwa, nilikuwa na wake wawili. Misheni ilitaka mmoja. Nilibaki na Ndeshi — marehemu sasa — nikamrudisha Nalepo kwao Elerai na ng'ombe mmoja. Hakuwa na kosa lolote.
 Mchungaji akasema Mungu alikwisha kunisamehe, kisha akaniuliza: je, Nalepo nimemwomba?
Sijamwomba.

Jumanne, 5 Juni
Binti yangu Lydia amekasirika kusikia nakwenda kumwona Nalepo. Anasema mama yake Ndeshi hajamaliza hata mwaka kaburini, na mimi natafuta wanawake. Nikamwambia Mungu hakuniongezea miaka hii nikae juani tu. Akaondoka.

Alhamisi, 7 Juni
Nimefika Elerai. Nilishuka mlima kwa miguu hadi Kijenge, magoti yanawaka moto, lori la kahawa likanifikisha mjini, kisha miguu tena. Nalepo alikuwa anapalilia maharage. Mvi tupu. Alinijua kabla sijafungua mdomo.
"Baba Lydia, umezeeka."
Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana nimekuja. Nilisema yote nimesimama, kofia mkononi. Kwamba nilimwondoa ili mimi niitwe Mkristo. Kwamba naomba anisamehe.
Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Akasema alinichukia mpaka mwaka wa njaa kubwa, halafu akachoka, kazi zilikuwa nyingi.
"Ungekuja wakati ule ningekupiga na jembe hili. Sasa kaa unywe maziwa."
Nilikunywa huku nalia — mtu mzima na mvi zangu. Sala ya leo fupi. Asante, Bwana.

Jumapili, 10 Juni
Nalepo amekuja kanisani! Sikumwalika. Alikaa upande wa akina mama na shanga zake, nyimbo hazijui, wala hakujali. Baadaye akasema anataka kumwona mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni. Nilikuwa nimesahau. Lydia alikuwa na miaka miwili wakati ule.
Nimemleta nyumbani. Wako jikoni, yeye na Lydia. Mimi niko barazani na daftari. Mwanzoni niliogopa Lydia atamfukuza. Sasa vikombe vinagongana. Lydia amemwita — masikio yangu haya, sikusikia vizuri kama amesema "mgeni" au "mama". Nalepo anacheka. Wanatoka na chai, nafunga daftari.