Nane Iliyosomeka Sita

Jumatatu, Julai 1983. Masama.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Migomba inadondosha maji kama vile mvua imenyesha, na vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi. Naandika hivyohivyo. Nisipoandika leo, nitaanza kujitafutia visingizio.

Ndeshi, binti wa jirani yangu Aminieli, alizikwa jana. Alikuwa na miaka mitatu.

Miezi miwili iliyopita kipimajoto cha mwisho cha zahanati yetu kilivunjika, na Moshi mjini hakikupatikana kingine. Mimi nafundisha ufundi umeme, na nyumbani huokoteza vyuma chakavu. Kwenye takataka za karakana ya kiwanda kimoja huko chini nilikuwa nimepata kipimo cha umeme kilichokufa, lakini kioo chake cha tarakimu nyekundu kilikuwa bado kinawaka. Nikakitoa, nikakiunganisha na kihisio cha joto na betri ya gari. Kikasoma joto la mwili vizuri kabisa.

Watu walikuja kukitazama. Nilisifiwa, na sifa zikanikolea.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu. Kila tarakimu kwenye kioo kile ni vijiti saba vya mwanga. Siku moja kabla ya kukipeleka zahanati, kijiti cha juu kulia cha tarakimu ya pili kilizimika. 8 ikawa 6. Nikagonga kwa kidole, ikarudi 8. Waya ulikuwa umelegea. Risasi ya kulehemea nilikuwa nayo, kipande cha urefu wa kidole, ila nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya redio yangu.

Nikajiambia itashika.

Alhamisi Ndeshi aliletwa zahanati akiwa mnyonge, hataki kula. Nesi Eliaichi akampima, akasoma thelathini na sita nukta sita. Dawa ya malaria ilikuwa imebaki kidogo, na agizo lilikuwa wapewe wenye homa tu. Akamrudisha nyumbani na kumwambia mama yake amlete tena akizidiwa. Jumamosi alfajiri, kabla hawajafika zahanati, mtoto alikata roho.

Msibani watu walimsema nesi. Mvivu. Ana roho mbaya. Nilikuwa nimekaa katikati yao, nimeinamisha kichwa kama waombolezaji wengine.

Leo asubuhi nilikwenda zahanati kabla ya kikao cha kamati ya kijiji kilichoitishwa kumjadili nesi. Nikajipima mwenyewe. Kioo kikaonyesha 36. Nikagonga. Bado 36. Nikashika kihisio kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mpaka kikasoma tena 36, nikagonga, ikawa 38.

Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua, Nesi."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. "Mkono wangu uliniambia mtoto anachemka," akasema. "Nikatazama mtambo wako, nikauona mkono wangu mjinga."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwenye kamati nilisimama kabla mwenyekiti hajamtaja nesi. Nikaeleza yote: kioo, waya, na risasi niliyoibania. Hawakumfukuza nesi. Lakini alipoambiwa arudi kazini, alisema anaomba siku chache, kwamba kwa sasa hajiamini kumshika mtoto wa mtu. Akatoka bila kuniangalia.

Aminieli alikuwa amekaa pembeni, blanketi mabegani. Watu walimgeukia.

"Mwalimu," akasema, "kuulehemu ule waya kungechukua muda gani?"

"Dakika tano, Baba Ndeshi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa swali la kawaida kuhusu barabara. Kisha akaondoka.

Mke wangu ananiambia nimefanya vema kusema. Sijui. Kusema kumemwokoa nesi, na mimi kumenipunguzia uzito kidogo, na hapo ndipo panaponitia aibu: hata ukweli wangu nimeusema wakati unaninufaisha. Ningeusema siku ile nilipoupeleka mtambo, kwa sentensi moja, *Nesi, ukiona sita kigonge kioo kwanza*, Ndeshi angekuwa anakimbiza kuku uani sasa hivi.

Sitampelekea Aminieli maneno mengine. Ameshayasikia. Kahawa yake imeiva na hana moyo wa kuichuma, inadondoka chini ya miti.

Kesho nitachukua kikapu niende shambani kwake. Akinifukuza, nitaondoka. Asiponifukuza, nitachuma.