Barua Niliyoitia Sahihi

Jumamosi, 11 Oktoba

Maabara kuanzia saa tatu. Vyakula vinne, neli kumi na mbili, jiko moja la gesi linalotema masizi. Tulipima wanga, protini na sukari. Mimi nilichemsha, Rehema akaandika, Shikuku akachelewa. Kama kawaida.

Tulikuwa watahiniwa wa kibinafsi tisa mwezi Mei. Tumebaki watatu. Rehema wa Ekero, anayeuza dawa dukani na kumsalimu kila mtu kwa salaam, wachungaji wakiwemo. Shikuku, mwendesha bodaboda wa Navakholo, anayetaka kusomea afya ya mifugo. Na mimi, ninayetaka sasa kusomea uuguzi, mwenye miaka miwili ya sayansi ya siasa na barua ya chuo inayonisimamisha masomo kwa kuongoza maandamano ya maji ya bweni. Sote tunaurudia mtihani wa kidato cha nne kwa sababu ile ile: biolojia ilitufungia milango. Shule hii imekubali tufanyie mtihani hapa, na kila Jumamosi Mzee Ambani, fundi wa maabara, hutufungulia.

Nilichokiona leo. Shikuku haandiki matokeo mpaka Rehema aandike. Safu ya rangi huiacha wazi, akapiga porojo kuhusu abiria wake, kisha akachungulia daftari la Rehema na kunakili. Hakuna taifa lililokombolewa na wanakili.

Jumanne, 14 Oktoba

Waraka wa siri umefika shuleni. Hufika kila mwaka kabla ya mtihani wa vitendo: orodha ya vielelezo na kemikali ambazo fundi wa maabara anapaswa kutayarisha. Mtahiniwa haruhusiwi kuuona. Kwa hiyo watahiniwa wote wa eneo hili humsoma Mzee Ambani badala ya waraka. Anachonunua sokoni. Anachochuma uani. Anachobeba kikapuni.

Leo amenunua samaki watatu. Kufikia saa nane mchana hakukuwa na mtahiniwa ambaye hakuwa akichora matamvua ya samaki. Rehema alipashwa habari na wateja wanne, mmoja akinunua dawa ya minyoo. Shikuku alicheka hadi akakohoa. "Na mzee akinunua viatu vya gambuti, mtasoma miguu?"

Nilimwambia kwamba dhihaka ni silaha ya asiyejiandaa. Kisha nikasoma matamvua kwa saa mbili. Kwa tahadhari, si kwa uvumi.

Jioni tukaarifiwa kwamba samaki walikuwa wa wakwe. Wakwe walitoka Lugari, wakala, wakarudi.

Hata hivyo nauliza: kwa nini katika mji mzima uliohangaika, Shikuku peke yake hakuhangaika? Asiyetafuta ni aliyekwisha kupata.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimewaona. Saa kumi na nusu, nyuma ya maabara. Mzee Ambani alimkabidhi Shikuku kitu kilichofungwa kwa gazeti. Shikuku alikiingiza ndani ya koti lake la mvua, akafunga vifungo hadi shingoni.

Mvua haikuwepo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Somo la urithi. Nilifafanua mimi, na nilifafanua vizuri, sitajinyima haki hiyo. Jeni zilizo kwenye kromosomu ya X. Upofu wa rangi: mama huibeba jeni asijue, mwana wa kiume huzaliwa nayo. Nikapendekeza kila mmoja achore mti wa ukoo wake, sifa yoyote aitakayo, ili nadharia ishuke chini iguse ardhi. Rehema alichora ugonjwa wa sukari kwa vizazi vitatu. Mimi nilichora vidole vya babu.

Shikuku alikunja karatasi. "Ukoo wetu ni mkubwa, komredi. Hii karatasi haitoshi." Akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Naweka kumbukumbu. Haandiki matokeo yake. Hakutishwa na waraka. Amepokea furushi. Sasa anakataa hata kufanya mazoezi. Mtu wa namna hiyo hajiandai kwa mtihani. Anausubiri.

Sitaki kuamini. Nimekula ugali kwao. Mama yake alinichinjia kuku.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ni sikukuu, lakini sikuhudhuria sherehe yoyote. Nilikaa mezani na karatasi tupu.

Hoja ya kwanza: kituo kikishukiwa udanganyifu, matokeo ya wote huzuiliwa. Ya Rehema, aliyesoma huku akilea mtoto mgongoni. Yangu pia. Mlango wangu wa uuguzi ungefungwa, na sina mlango mwingine. Hoja ya pili: nimepiga kelele mbele ya wanafunzi elfu moja kwamba ufisadi huanza pale rafiki anapomnyamazia rafiki. Je, nilikuwa nikiwahutubia wao tu?

Nimeandika. Kurasa mbili. Nimemtaja Shikuku, nimemtaja Mzee Ambani, nimetaja furushi, saa na mahali. Nimeweka jina langu kamili na sahihi. Aliyenishtaki mimi chuoni kwa barua hakuthubutu kuweka jina lake. Mimi si yeye.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeipeleka. Mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Aliniuliza kama nimemuuliza kijana mwenyewe. Nilimjibu kwamba mtuhumiwa haulizwi kabla ya ushahidi kuhifadhiwa.

Jibu hilo lilinifurahisha njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Shikuku ameitwa ofisini. Pikipiki yake ilikaa chini ya mwavuli wa mlinzi tangu saa tano hadi saa saba. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikupanga kuwepo. Nilikuwepo.

Alitoka bila kofia ya chuma kichwani. Aliisahau, akarudi kuichukua, akaondoka polepole sana kwa mtu anayependa mwendo kama yeye.

Rehema hashiki simu zangu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Rehema alikuja nyumbani alasiri, mtoto mgongoni. Hakutoa salaam. Katika miezi sita hilo halijawahi kutokea.

Naandika alichosema kwa mpangilio wake, kwa sababu mimi mwenyewe sina mpangilio.

Shikuku haoni rangi kama sisi. Kijani, chungwa na kahawia kwake ni ndugu waliovaa nguo moja. Alizaliwa hivyo, na mjomba wake yuko hivyo. Mara ya kwanza alipofanya mtihani huu alianguka hapo hapo, kwenye neli za kupimia sukari, ambapo swali zima ni rangi: kijani kwa sukari kidogo, kisha manjano, chungwa, nyekundu ya matofali kwa sukari nyingi. Alimwomba Mzee Ambani msaada. Mzee akabuni njia. Usitazame rangi, mwanangu, tazama mashapo. Sukari kidogo, maji hutibuka tu. Sukari ikizidi, mashapo huwa mazito na hutua haraka. Ndani ya gazeti mlikuwa na neli tatu zilizozibwa kwa pamba, za kufanyia mazoezi nyumbani.

Sasa neli hizo zimefungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu. Ushahidi.

Rehema alijua tangu Agosti, siku Shikuku alipomletea kutoka rafu ya dukani pakiti ya rangi nyingine, si ile aliyomtuma. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alimhamisha mtoto begani kwanza.

"Nikuambie wewe? Ungeitisha mkutano wa hadhara."

Kisha: "Anaendesha bodaboda, dada. Abiria wakisikia hatofautishi taa za barabarani, nani atapanda? Alikuwa anaficha chakula chake. Wewe ukaona wizi."

Nilimfafanulia upofu wa rangi Jumamosi ile. Yeye. Kwa mchoro.

Jumamosi, 25 Oktoba

Hakuna maabara. Wala haitakuwepo tena kwa watahiniwa wa kibinafsi hadi siku ya mtihani. Tangazo limebandikwa langoni.

Nilikwenda kwa Mzee Ambani. Nyumba yake imezungukwa na miwa pande tatu, ukifika huoni mlango hadi uugonge. Alikuwa akimkatia ndama majani. Ameagizwa asionekane na mtahiniwa yeyote, kwa hiyo hata kunikaribisha kulikuwa kosa, na kosa hilo pia lilikuwa langu.

"Mama," aliniita hivyo, kwa heshima ile ile ya siku zote, "hiyo maabara nimefungua miaka mingi. Sijawahi toka na hata kiberiti."

Nilisema samahani. Akaniambia chai iko tayari. Nilitaka anitukane. Aliniongezea maziwa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimekwenda kuiondoa barua. Haiondoki. Mwalimu mkuu alinionyesha muhuri wa kupokelewa. Alisema, bila ukali, kwamba anaamini maelezo ya kijana, lakini malalamiko yenye jina na sahihi hayawezi kutupwa pipani. Laiti ningeyaleta kama minong'ono, angeyamaliza kwa minong'ono.

Uamuzi: Shikuku atafanya mtihani, meza ya mbele, chini ya jicho la msimamizi. Mzee Ambani hatakuwa maabarani siku hiyo. Fundi ataazimwa kutoka shule nyingine.

Niliomba nimfundishe Shikuku mwenyewe humo maabarani, hata saa moja tu. Alinigeuzia barua yangu mezani.

"Hilo ndilo hasa uliloniandikia nilizuie."

Jumatano, 29 Oktoba

Steji ya Navakholo, siku ya soko. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Wenzake waliniona kabla yake.

"Shikuku! Serikali imekuja!"

"Ficha gazeti, bwana, ficha gazeti!"

Walijua kuhusu furushi. Sababu hawakuijua, hilo nilililinda, angalau hilo. Shikuku hakucheka. Alikuwa akifuta vumbi la barabara ya murram kwenye taa ya mbele, akaendelea kuifuta.

Hotuba ilinitoka kichwani. Nilisema: "Nilikosea."

"Haya."

"Nipe nafasi nikusaidie. Wiki mbili bado zipo."

Aliinua kichwa. "Ungeniuliza, komredi. Mimi mtu akiniuliza huwa najibu."

Abiria mmoja alifika na gunia la mahindi. Akalifunga, akampandisha, akaondoka. Nilibaki katikati ya wanaume saba.

Jumapili, 2 Novemba

Nasoma peke yangu. Figo. Moyo. Usanisinuru. Naelewa kila kitu na hakiingii.

Jana niliiona pikipiki ya Shikuku mbele ya duka la dawa. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikapunguza mwendo, nikanyoosha shingo nione kama wanasoma bila mimi, kama wananizungumzia, nani ameshika daftari la nani. Tayari nilikuwa nimekwisha kutunga aya ya kwanza ya mashtaka kichwani.

Ndipo nikajiona. Nikavuka barabara.

Nilidhani shaka ni akili iliyo macho. Wanachama wangu chuoni niliwafundisha hivyo: shuku kila kitu, shuku kila mtu, madaraka hulala pale raia wanapoamini. Sijui sasa ni sehemu gani ya mafundisho hayo nitakayoifuta. Labda si yote. Lakini sikumbuki kuwafundisha hata mara moja namna ya kuuliza swali na kungoja jibu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilimtumia Shikuku ujumbe: nakutakia heri. Umesomwa. Haujajibiwa.

Haki yake.

Jumatano, 12 Novemba

Mtihani wa vitendo. Tulikuwa maabarani saa nne asubuhi. Fundi mgeni hakujua droo ya vibanio ilipo.

Hapakuwa na samaki. Swali la kwanza lilikuwa neli za sukari, myeyusho A na myeyusho B. Wangu wa B ulipochemka ulipita kijani, ukapita manjano, ukasimama kwenye chungwa. Niliandika. Sikuinua macho kwa dakika kumi, kisha nikainua. Shikuku alikuwa meza ya mbele, msimamizi kando ya bega lake. Alikuwa ameishika neli kuelekea dirishani. Aliitikisa, akaiweka kwenye kishikio, akaitazama ikitua. Akaichukua tena. Kila aliposogea, msimamizi naye alisogea. Wengine walikuwa wamefika swali la tatu.

Tulitoka adhuhuri. Nilitembea kuelekea langoni bila kumtafuta. Alikuwa hapo akivaa kofia, Rehema akimsubiri.

"Komredi."

Nilisimama.

"Neli ya B. Ilikuwa rangi gani?"

"Chungwa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei aliyoitarajia. "Nimeandika kijani. Sukari nimesema iko, lakini kidogo."

"Iko," nilisema. "Alama hiyo utapata."

"Neli tatu za kwanza nilikuwa nimezijua vizuri. Nilikuwa nazijua hata usiku." Alifunga mkanda wa kofia chini ya kidevu. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na niliitafuta. "Ya nne na ya tano, zile za sukari nyingi, mzee alisema tutafanya Jumamosi ile."

Jumamosi ile maabara ilikuwa imefungwa.

Rehema aliniambia salaam aleikum, polepole, akapanda nyuma yake. Wakaondoka kwa barabara ya Navakholo. Mimi nilingoja kidogo, kisha nikatembea.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Aliniuliza mtihani ulikuwaje.

Nilimwambia nimejibu maswali yote. Nikaketi nikamsaidia kuchambua.