Ruhusa Niliyonyimwa kwa Ajili ya Makangaga

Mama yangu,

Shikamoo. Mwanaidi dada yangu, msomee mama polepole, wala usiruke sehemu za kumkera. Mama, macho yanasemaje? Na kile kifua, kimetulia? Nimeandika kwa sababu kwenye simu unalia, nami nasahau niliyotaka kusema. Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu ambao hata usingizi hauutoi.

Dodoma ni kavu, midomo inapasuka. Na ndani ya ukavu huu kazi yangu kubwa ni kulea makangaga. Ndiyo, yale yale yanayojiotea mtoni huko Maramba, tuliyokuwa tukiyakanyaga tukienda kuteka maji. Hapa yamewekwa sebuleni, vyungu kumi na vinne. Jua lisiyaguse, feni isiyapulize, udongo usikauke wala usitote. Chini ya kila chungu pana sinia la kokoto na maji, na mara tatu kwa siku nayanyunyizia kwa chupa kama dobi anayepiga pasi.

Nilipoanza kazi niliona vidoa vya kahawia vimejipanga chini ya majani. Nikasema haya yameingia upele. Nikashika mkasi, nikakata kila jani lenye vidoa. Mama mwenye nyumba aliporudi alikaa chini kabisa. "Bakari, hizo ndizo mbegu zake!" Akanifundisha upya mwenyewe, mwaka mzima, na sasa hataki kuanza na mtu mwingine.

Ndiyo maana nilipoomba ruhusa alikataa. Nilimweleza kwamba daktari amekubali kukutoa mtoto wa jicho, na wewe umeapa hulali kitandani kwao mpaka mimi niwe nimekaa mlangoni. Akauliza, "Nani atayaangalia?" Nikaomba tena, akauliza hivyo hivyo. Nilikasirika, mama. Siku mbili niliyaacha na kiu makusudi, yafe niondoke. Siku ya tatu ncha zikaanza kukauka, nikashindwa, nikachukua chupa. Hukunilea vizuri, sijui kuua kitu.

Juzi nikamkuta anayapangusa mwenyewe. Akaniambia yalichimbwa na marehemu mumewe, kule milima ya Usambara, walipooana. Niliona aibu sana. Lakini nikasema, "Pole, mama. Wako ameshatangulia. Wangu bado yupo, ananingoja."

Alikwenda stoo, akarudi na chupa nyingine, akamwita Yohana, mlinzi wetu. "Mfundishe huyu mpaka Jumapili," akasema. "Nakupa siku nne."

Siku nne, mama: Jumatatu ya kusafiri, Alhamisi ya kurudi, mbili katikati ni zako. Hazitoshi, nami sina nguvu za kubishana. Mwanaidi, mwambie daktari upasuaji uwe Jumanne, ili Jumatano wanapomfungua kitambaa cha jicho niwepo.

Nisalimie mjomba Omari anayekushika mkono njiani, na shangazi Zainabu anayekupikia. Shemeji, mume wa Mwanaidi, anipokee stendi Tanga, nitafika nimevunjika mgongo.

Neno moja tu, mama. Uliponiona vizuri mara ya mwisho nilikuwa kijana. Wakifungua kitambaa utaona mbele yako mtu mwenye mvi, mashavu yameingia ndani. Usimuulize ni mtoto wa nani. Ni mimi.

Mwanao,
Bakari