Mchi wa Mama Urudi Nyumbani

Kasongo, 23 Agosti 2025

Mpendwa Yaya Héritier, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Kalemie. Shemeji Mado ameamkaje? Na kikohozi cha mtoto kimekwisha? Sisi hatujambo. Baba yuko Lusangi anafyeka shamba la mpunga kabla mvua hazijamkuta. Mimi nimemaliza shule, nangoja diploma, na mchana kutwa niko na Mama.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukipiga, Mama Mkubwa Anastasie huweka sauti isikike kwa wote, na mbele ya watu maneno yangu hukauka. Wewe mwenyewe huniita bubu. Basi bubu anaandika, na Kasimu, yule dereva wa pikipiki, atakuletea akija huko.

Ni habari ya Mama. Tangu arudi kutoka Bukavu alikotibiwa ile kansa ya ziwa, jeraha limepona na dawa anakunywa. Lakini usingizi ulimkimbia. Mchana alisinzia kitini, usiku akageuka-geuka tu kitandani. Mikono ilikonda, na kusimama ilikuwa mpaka nimshike.

Uliagiza asiguse kazi yoyote. Ulisema kwa kumpenda, nasi tulitii kwa kumpenda. Mama Mkubwa akafanya kama wanavyofanya akina mama wa mtaa wetu: akachukua mchi, akaupeleka kwa jirani, Mama Sifa, wawe wanatutwangia sombe, majani yetu ya muhogo, huko mpaka mgonjwa apone. Unajua mchi hautoki nyumbani ila kwa ugonjwa mzito au msiba. Kila jioni Mama alikaa akisikia sombe yake ikitwangwa ng'ambo ya ua. Siku moja aliniambia polepole, "Niko hapa ninasikiliza matanga yangu."

Tulipokwenda hospitali kupimwa, nesi Olga alimuuliza kama analala. Mama akamweleza yote. Nesi akasema mwili unaokaa bure hupoteza nguvu, na usingizi nao huharibika. Aliongea na daktari, kisha wakampa mazoezi: kusimama na kuketi bila kushika kitu, na kuvuta ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, nikiufunga kwenye nguzo ya mlango. Afanye kidogo kidogo, leo avute, kesho apumzike. Mkono ukivimba au ukiuma, aache, turudi kwao. Alisema wazi kwamba mazoezi hayachukui nafasi ya dawa.

Mpira tulipewa na Kasimu. Mama Mkubwa alipomkuta Mama mlangoni anavuta, alipiga kelele: "We Sarah-Grâce! Unamufunga mama yako kama mbuzi?"

Mama akamjibu dada yake huku anavuta, "Ngoja tu, yaya. Mbuzi akipata nguvu, atakata kamba."

Nilikimbilia jikoni kucheka.

Sasa sikia ya juma lililopita. Mama Mkubwa hulala chumba kimoja na Mama, na amezoea kumsikia akihangaika mpaka kunakucha. Alfajiri moja aliamka akakuta kimya. Akamwita, Mama hakujibu. Yaya, alipiga yowe! Tuliingia mbio, na Mama Sifa akafika nyuma yetu, kitenge cha kilio kimekwisha kufungwa kiunoni. Ndipo Mama akafumbua macho, akatutazama sote.

"Nani amekufa?"

"Wewe!" akasema Mama Mkubwa.

"Basi muniache nimalize kulala."

Akageukia ukutani, akalala tena. Mama Mkubwa alikaa chini akalia na kucheka pamoja, akitufukuza kwa mkono tusimwamshe.

Sikufichi, si kila usiku analala hivyo. Usiku mbaya bado uko. Lakini anasimama mwenyewe, na Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake.

Nesi amesema sasa anaweza kuanza kutwanga, majani machache tu. Mama Mkubwa amekwisha kulainika, ila anasema, "Muchi ulitoka kwa neno la mutoto mukubwa, utarudi kwa neno lake." Mama hataki kukuomba, anaogopa utaona kama tumedharau agizo lako. Hatukulidharau. Lilimlinda alipokuwa dhaifu, na sasa ndilo linalomweka kitini. Tafadhali, Yaya, sema hilo neno. Mimi siwezi kulisema mahali pako.

Baba anakusalimu, na Mama Mkubwa, na Mama Sifa ambaye bado anaona haya kwa kile kitenge. Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Mungu awalinde, awape na ninyi usingizi mwema.

Ukipiga simu Jumapili, usimuulize Mama kama amepumzika. Muulize ametwanga nini.

Mdogo wako akupendaye sana,
Sarah-Grâce