Nuru Nyekundu Mguuni mwa Bibi

Jumatatu, 3 Juni
Tak. Punje ya mwisho ya tasbihi ikigonga mwenzake. Nimekaa na sauti hiyo kutwa. Ndiyo saa yetu: Bibi akimaliza mzunguko mmoja, nazima taa nyekundu ninayomtibia, iliyo juu ya kidonda chake. Dakika tano. Nilimpima mwenyewe.

Kidonda cha sukari, kidole cha mwisho, mguu wa kushoto.

Kule maabara ninakojifunza tulizikwaruza seli za ngozi kwenye kisahani, ukabaki ufa. Tukazimulika kwa nuru kama hii. Zikaanza kusogea kutoka kingo zote mbili, polepole, kama wasukaji ukili wa mkeka wanaotafutana usingizini. Nikifumba macho naziona mguuni mwa Bibi.

Alhamisi, 6 Juni
Kingo zimekuwa za waridi. Furaha hadi woga.
Leo ilikuwa siku yake ya kliniki ya sukari, Wete. Sikumpeleka. Nilitaka ijulikane kuwa ni nuru iliyomponya, si kingine. Nuru yangu.

Jumapili, 9 Juni
Kidonda kimesimama, hakifungi tena. Nimeota natembea ndani ya nyama nyekundu, hakuna anayesuka.

Jumanne, 11 Juni
Nilirudi mapema kutoka Konde. Taa inawaka, Bibi yuko mzunguko wa nne wa tasbihi. Kumbe kila nikitoka huiwasha na kuvuta uradi wote.

"Nuru kheri, dhikri kheri. Wewe wanipimia kama sukari ya duka?"

Nilicheka. Kisha aibu. Kwenye kisahani, seli zilizomulikwa kupita kiasi zilipooza. Nalijua hilo, sikumwambia. Nilimpa kipimo ambacho kwake kukizidisha ni thawabu. Kosa si lake.

Ijumaa, 14 Juni
Kidole cheusi. Harufu. Labda nuru ilizidi, labda ni sukari tu. Sijui. Kliniki niliyoiruka naijua.

Jumamosi, 15 Juni
Wete, wodini. Mvua nyembamba dirishani, kila kitu kama kiko chini ya maji.

Nilimpandisha gari ya alfajiri bila kumngoja Ami, ndugu wa baba, arudi kutoka kisiwani Fundo kuamua. Daktari nimemweleza yote: taa, mizunguko, kliniki. Aliandika, hakunigombeza. Akasema kidole kikatwe leo, mguu uweze kubaki.

Bibi aliridhia kabla yangu. "Kimoja tu? Kichukueni."

Ameshatia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Chini yake nimetia jina langu.