Mama Yako na Blenda

Baba Kidoti,

Nawahi zamu, nimekuacha wewe na Kidoti bafuni. Wali na mboga viko jikoni. Mpakulie mbalimbali, visigusane, la sivyo hatakula. Lile shati jipya likate lebo ya shingoni kwanza.

Na mama yako asiwashe blenda Kidoti akiwa karibu! Asubuhi mtoto aliziba masikio akajificha chini ya meza, mama yako akamvuta mkono: "Miaka mitano unaogopa blenda? Mmemdekeza huyu!" Mtoto akalia mpaka akatapika. Nawe ulikuwa hapo hapo, ukaendelea kunywa chai yako. Daktari alipotueleza kuhusu usonji wa Kidoti tulikuwa wote wawili. Mbona kazi ya kuwaeleza watu imebaki yangu peke yangu?

~~Mwambie mama arudi kwake.~~ Hapana, akae. Anampenda, jana alimwimbia mpaka akalala. Ila hajui, na hajui kwa sababu hujamweleza. Mimi nikisema, nitaitwa mkamwana asiye na adabu. Wewe ni mwanawe, atakusikia.

Mweleze leo, kabla sijarudi. Nimechoka kuwa mimi ndiye mbaya wa nyumba hii.

Mama Kidoti