Kambi ya Muda

Jumatatu, 4 Machi 2013
Nimefundisha Kiingereza darasa la kumi. Chaki imekwisha tena. Mchana, ukalimani wa kampuni ya gesi. Zamu ya shamba la mama mdogo Atija, mdogo wake marehemu mama. Kwenye karatasi ya mkataba wa ardhi: "camp". Nikasema kambi. Mama mdogo akauliza, "Mpaka lini?" Mgeni wa kampuni akajibu ni ya muda. Nikafasiri hivyo hivyo. Mama mdogo akanitazama mimi, si yeye. Akatia dole gumba.

Alhamisi, 11 Aprili
Mikorosho yote chini. Wanamwaga zege. Zege! Kambi tuijuayo ni ya wavuvi: makuti, msimu ukiisha wanang'oa. Leo ndipo nimeisoma karatasi yote. Miaka hamsini. Siku ile nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Mjinga mimi. Hapana, si ujinga. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Jumapili, 14 Aprili
Nimefungua dicionário, kamusi kubwa ya shule, nitafute asili ya neno lile. Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitaliano, na mzizi ni wa Warumi wa kale: campus. Uwanda. Ardhi tupu tambarare. Baadaye ndipo askari walipofanyia mazoezi, wakapiga mahema. Wareno mpaka leo shamba wanaliita campo. Kambi yetu nayo imetoka huko huko. Yaani neno lilianza likiwa ardhi, wenye nguvu wakaja wakakaa juu yake.
Nilitaka kosa liwe la neno. Si lake.

Jumanne, 7 Mei
Nimekwenda kwa mama mdogo. Nimesema yote.
"Ulijua, mwanangu?"
"Sikuisoma, mama."
"Basi wale hawakunidanganya. Wale sikuwaamini tangu mwanzo. Niliyemwamini ni wewe."
Akaingia ndani. Nikabaki uani na kuku. Najichukia.

Jumatano, 8 Mei
Nimeacha ukalimani. Mwalimu mkuu anasema nimechezea bahati. Achezee yeye.

Jumapili, 2 Juni
Mama mdogo amepewa pori badala ya shamba lake, mbele ya kijiji cha Awasse. Mawe matupu. Nimekwenda bila kuitwa. Tumefyeka tangu asubuhi, yeye upande ule, mimi huku. Adhuhuri akaswali, akakaa kula muhogo. Nusu akaiacha kwenye sahani, akaisogeza upande wangu, akachukua panga akarudi kazini.
Nimekula.